Kilula Uani kwa Baba Mkwe

Bi Shamsa wa safu hii, ugonile.

Sikuwahi kudhani mtu wa kiwango changu angekuja kuandika kwenye ukurasa ambao watu huuliza namna ya kumtuliza mume mlevi, na mimi mwenyewe nimeusoma mara nyingi nikicheka, lakini ndiyo hivyo, mkuki kwa nguruwe. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho kwa sababu mke wangu ameondoka, na mimi nampenda, na siku si nyingi kuna wageni wanakuja.

Mimi ni Wakili Mhandisi. Tafadhali usiandike kimoja ukaacha kingine, maana vyote nimevisotea. Nilianza na uhandisi wa maji, nikalaza mabomba, nikaona mabomba hayafi kwa kutu, yanakufa kwa kesi, huyu kakata bomba limepita shambani kwake, yule kaziba chanzo, basi nikarudi darasani kusoma sheria. Nikawa wakili, nikaona mawakili wenzangu wanagombania maji ambayo hawajui kama yanapanda au yanashuka, nikachoka nao, nikahamia kwenye sera za maliasili huko Dodoma, ambako namshukuru Mungu hakuna bomba wala kesi, kuna warsha. Nimeandika juu ya haki za watumia maji, nimeandika juu ya mito inayovuka mipaka, na zaidi ya yote nimeandika juu ya ushirikishwaji wa wanawake, ndiyo mada yangu kuu, wananiita mpaka nje ya nchi kuizungumza.

Sasa tulipopata wafadhili wa kuleta maji ya mserereko, yale yanayoshuka yenyewe bila pampu, kutoka milimani mpaka kijijini kwetu Katumba Songwe, nikasema mradi huu nitausimamia mwenyewe, nitauchora mwenyewe na sheria ndogo zake nitaziandika mwenyewe, sikuona sababu ya kuita watu wengine ambao wana fani moja moja. Kilula cha kitongoji chetu, yaani bomba la watu wote la kuchotea, nikakiweka uani kwa baba yangu, Mzee Asajile. Kihandisi hakuna mahali pazuri kama pale, bomba kuu linapita hapo hapo na ardhi imeinuka, masika maji ya mafuriko hayafiki. Kisheria pia pamekamilika, mwenye ardhi aliitoa kwa hiari yake mbele ya mashahidi. Nikaweka kipengele kwamba msimamizi wa kilula ni yule aliyetoa ardhi, na kwamba wakati wa kuchota msimamizi asiondoke karibu na koki. Baba anaitii sheria ile kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Ametoa kiti chake cha kukunja, amekaa mbele ya koki, ufunguo shingoni, tangu asubuhi mpaka jioni.

Na hapo ndipo lilipo tatizo, kama ni tatizo, maana kihandisi mimi silioni. Katika kitongoji chetu wanaume karibu wote ni watoto wa baba au watoto wa ndugu zake, kwa hiyo wake zao wote ni wakamwana wake, na kwa desturi ya wazee wetu, ile wanayoiita ukutila, mkamwana hapiti mbele ya baba mkwe, hamtazami, hatamki jina lake, akimwona njiani anaingia migombani mpaka apite. Mjini watu wameshalegeza na mimi nilijua imekufa, au kama haijafa basi iko mahututi, na kwa usalama zaidi nikaandika kipengele kwamba mila yoyote inayozuia upatikanaji wa maji imefutwa. Kipengele kilipita. Wanawake hawapiti. Kilula kinachotewa na mama yangu, na wajane wachache wa rika lake, na mbuzi.

Usiseme sikuwashirikisha, Bi Shamsa. Tuliitisha kikao pale pale uani kwa baba, kwa kuwa ndipo penye viti. Wanawake walifika lakini walibaki nyuma ya jiko, ndani ya migomba, huwaoni, unasikia tu majani. Katikati ya kikao sauti ikatoka huko, "Na sisi tutachota wapi?" Nikasema anayeuliza ajitokeze aandikwe. Zebedayo, mwenyekiti wa kamati ya maji, akaninong'oneza, "Wakili, hao hawawezi kujitokeza, si unamwona mzee hapo?" Nikamwambia sauti isiyo na mtu haiingii kwenye kumbukumbu za kikao, na kanuni yetu ni moja, asiyehudhuria amekubali. Wakakubali wote.

Basi wakaendelea kwenda mtoni Songwe, na mimi nikaongeza kipengele cha kukataza kuchota mtoni, kwa afya zao wenyewe, na adhabu yake ni ndogo tu, kufyeka nyasi kuzunguka kilula.

Sasa nifike kwenye lililonileta. Mke wangu anaitwa Tusajigwe, kwao ni Talatala, tumeoana mwaka jana, na mimi nikiwa Dodoma yeye huishi hapa nyumbani jirani na wazazi wangu. Asubuhi moja nimekaa barazani na Zebedayo tunapanga ratiba ya uzinduzi, namwona Tusajigwe anarudi bila ndoo, kanga imelowa mpaka kifuani, goti limechubuka, anatetemeka. Akasema, "Mamba amechukua ndoo." Nikamwuliza, "Ulikuwa unafanya nini mtoni?"

Zebedayo akainama kufunga kamba za viatu, na siku hiyo alikuwa amevaa ndala.

Nikamweleza mke wangu kwa upole kwamba ule ni mto wa kimataifa, ng'ambo ni Malawi, na mtu hawezi kujiamulia tu kuingiza ndoo kwenye rasilimali ya mataifa mawili, na kwamba kwa kuwa yeye ni mke wangu itabidi awe wa kwanza kuadhibiwa, ili watu wasije wakasema sheria inabagua. Akauliza, "Nikafyeke wapi?" Nikasema kwenye kilula. "Mbele ya baba?" Nikasema ndiyo, kilula si kiko pale. Akacheka, Bi Shamsa, akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, akaingia ndani, akatoka na begi. "Nakwenda kuchota kwa mama yangu," akasema. "Kisima chetu kina matope, ila kina njia ya kukifikia."

Nilimpa nafasi apoe, kisha nikaenda Talatala kumrudisha, nimevaa suti, na nakala ya sheria ndogo mkononi nimsomee taratibu aone kwamba si mimi, ni utaratibu. Kwa bahati mbaya nilipofika nikamwona mama mkwe yuko uani anaanika kakao. Sasa mimi siwezi kumtokea mama mkwe hivi hivi tu, adabu ni adabu, nikaingia migombani kungoja apishe. Hakupisha. Kakao ilikuwa nyingi. Jua likapanda, siafu nao wakapanda, suti unaijua ilivyo. Mwishowe uvumilivu ukanishinda nikaita kwa sauti ya chini, "Tusajigwe!" Akaitika kutoka jikoni, tena kwa nguvu, uani wote wakasikia: "Nani huyo? Ajitokeze aandikwe!"

Watu wa nyumba ile walicheka mpaka mama mkwe akaacha kakao. Nikaondoka kupitia shamba la mpunga. Mpaka leo sijui dharau ile ameitoa wapi, maana siku ya kikao yeye hakuhudhuria.

Naomba ushauri wa haraka. Wageni wa uzinduzi wanataka kuona mwanamke wa kijijini akifungua koki, na nilishawaambia atakuwa mke wangu, na wakiridhika kuna nafasi kubwa ya ushauri wa sera naitegemea. Nimefikiria kumpelekea hati ya wito. Nimefikiria pia kumtafuta mwanamke wa Kyela mjini asiye na undugu nasi, huyo anaweza kupita mbele ya baba bila shida, akafungua koki, tukapiga picha. Au niongeze kipengele kingine? Nakosa usingizi. Nyumba bila yeye imekuwa kama ofisi.

Jina langu naomba lifichwe. Vyeo usivifiche.

Wako,
Wakili Mhandisi, Katumba Songwe

*

BI SHAMSA ANAJIBU

Ndugu Wakili, na wewe ndugu Mhandisi, karibuni nyote wawili, mkae, na mmoja wenu akianza kujibu mwingine anyamaze, maana naona ndivyo mlivyozoea: bomba likiharibika anasimama wakili, sheria ikiharibika anasimama mhandisi, na vyote viwili vikiharibika mnakwenda Dodoma kwenye warsha.

Pole kwa kuondokewa. Nasema kwa moyo, kwa sababu ile sentensi yako ya mwisho juu ya nyumba ndiyo pekee katika barua nzima ambayo haina kipengele ndani yake. Umeficha jina lako ukataja la baba, la mke, la mwenyekiti na la kijiji, kwa hiyo siri yako iko salama kabisa, hakuna atakayekujua isipokuwa Kyela yote.

Mimi sina digrii hata moja. Nimekulia nyuma ya duka la marehemu baba yangu hapa mjini, kusoma nimejifunzia kwenye magazeti ya kufungia sukari, na duka lenyewe leo linauza ndoo. Ndiyo maana nawajua wanawake wa kwenu. Akija mmoja wa Katumba kununua ndoo namwuliza, "Ya zamani imepasuka?" Ananijibu, "Imekwenda na mwenye mto." Mamba wa Songwe ni wateja wangu wakubwa, ndugu yangu, ingawa hawajawahi kuingia dukani. Biashara hiyo siitaki. Siku moja mteja atakwenda na ndoo yake.

Sasa nisikilize. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, nakiri. Mara ya pili niliishia kwenye goti la Tusajigwe, nikaiweka chini. Mkeo ametoka mbele ya meno ya mamba, amelowa, anatetemeka, anakuja kwa mumewe. Wanaume wengine wangesimama. Wengine wangepiga kelele tu, hata hiyo ni kitu. Wewe ukamhoji kama shahidi wa upande wa pili! Hata Zebedayo aliona haya akatafuta kamba za viatu kwenye ndala. Halafu ukampa adhabu, na adhabu yenyewe haiwezekani kutekelezwa, kwa sababu ile ile iliyomfanya aende mtoni. Unashangaa kwamba alicheka. Mimi nashangaa alichelewa.

Tuje kwenye migomba, kwa sababu kesi yako yote imo humo.

Unaniambia desturi ya kumkimbia mkwe uliifuta. Kwa kalamu. Vizuri. Halafu ukurasa wa pili nakukuta Talatala, mtu mzima, suti, umejibanza kwenye migomba ya watu, siafu wanakupanda, kwa nini? Kwa sababu mama mkwe yuko uani na adabu ni adabu. Mbona hukutoa nakala yako ukajisomea kile kipengele? Kilikuwa mkononi! Desturi ikiwa ya mkeo ni kizuizi cha upatikanaji wa maji. Ikiwa yako ni adabu. Mila moja umeipa majina mawili, kama ulivyojipa mwenyewe.

Sikulaumu kwa kujificha. Ulifanya kama ulivyolelewa, na mwili wako uliingia migombani kabla digrii zako hazijaambiwa. Basi ujue na miguu ya wake wa kwenu iko hivyo hivyo. Kama desturi hii ni nzuri au imechoka si mimi wa kusema, mimi ni mtu wa mjini na wakwe zangu tunakula sahani moja. Wapo kwenu walioilegeza wenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa mazungumzo na kwa muda. Sijasikia hata mmoja aliyeilegeza kwa sababu ya kipengele.

Na ile sauti ya kikaoni iliyouliza "Na sisi tutachota wapi?" hujui ilikuwa ya nani? Mtaalamu wa ushirikishwaji wa wanawake, mpaka nje ya nchi wanakuita, hukuitambua sauti ya mwanamke mnayelala chumba kimoja! Alikuwepo, bwana. Alihudhuria kuliko wewe. Alikuuliza swali la pekee lenye maana siku hiyo, ukamjibu kwamba hayupo. Ulipomwita Talatala alikurudishia maneno yako kama yalivyo, hajaongeza chumvi, na wewe unaita dharau. Yalipotoka kinywani mwako uliyaita kanuni.

Baba yako mwache. Mzee wa watu katoa ardhi, kapewa ufunguo, kaambiwa asiondoke, haondoki. Ulimfunga kwenye kiti kwa sheria yako na yeye anafikiri ni heshima. Usije ukamwambia tata, kama mnavyomwita baba kwenu, kwamba uani kwake ndiko kulikokosea, maana uani hakukosea, uani kumekuwepo siku zote.

Sasa fanya hivi, na usiongeze kipengele.

Wageni wape taarifa kwamba uzinduzi umeahirishwa kwa sababu mradi haujafika kwa watu. Ndivyo ulivyo, na ukisema hivyo itakuwa mara yako ya kwanza kuwaandikia jambo fupi. Wakikunyima nafasi yao, watakuwa wamekupunguzia safari. Habari ya hati ya wito itoe kichwani leo, mke haitwi kama mdaiwa. Na huyo mwanamke wa kukodi kutoka mjini, wageni wakishaondoka atabaki kuwachotea wenzake? Maana hapa mjini nawajua wanaopenda picha, lakini wa kupenda ndoo sijamwona.

Halafu fungua kilula kile, chukua ndoo, uanze kuchota. Wewe. Katika kitongoji kizima, ukiacha mama yako na wale wajane, watu wasio wakamwana wa Mzee Asajile ni ninyi wanawe, na hakuna mila inayomkataza mtoto kupita mbele ya baba yake na maji. Wape na ndugu zako ndoo moja moja. Mzipeleke mpaka nyuma ya migomba, mzitue pale wake zenu wanapoweza kuzifikia, kila asubuhi na kila jioni, mpaka mambo yatakapotengenezwa. Shingo ikianza kuuma utaona jinsi mchoro wako utakavyobadilika haraka. Mtu akikuuliza ni mfumo gani huo, mwambie ni mserereko.

Kikao kiitishe upya, kwenye mashine ya mpunga au popote, mradi si uani kwa mzee, na mzee mwenyewe asiwepo. Hatakasirika ukimweleza kwamba wake wa wanawe wanataka kusema na heshima yake ndiyo inayowafunga midomo. Waulize bomba liishie wapi, wao wanaijua njia yao. Kisha chimba mtaro ulipeleke huko, ufunguo umpe mwanamke watakayemtaja, na baba umwachie koki yake ndogo uani, akae nayo, watu wampitie na kumsalimu. Faini ya kufyeka iondoe mbele ya kila mtu, na nyasi zile zifyeke mwenyewe, maana mpaka sasa aliyevunja sheria za maji Katumba ni mmoja.

Talatala rudi, lakini mtaro ukishaanza kuchimbwa, usiende na ahadi. Suti iache. Nakala iache. Chukua ndoo mpya yenye mfuniko, si lazima ya dukani kwangu. Mtangulize shemeji aseme unakuja, mama mkwe apate nafasi ya kukupisha kwa heshima, hiyo desturi yenu ina mlango wake na hata wewe hukuwa na haja ya kupitia kwenye siafu. Ukimwona Tusajigwe, swali la kwanza liwe juu ya goti lake. Usiwe na la pili mpaka amalize kujibu, na kama atataka kujibu kuanzia siku ya kikao, kaa chini usikilize. Akisema harudi mpaka maji yafike mahali anapoweza kuyafikia, mwambie ndaga, asante ya kwenu, urudi ukachimbe. Ana haki, na haki za watumia maji wewe ndiye uliyeziandika.

Na ukifika pale, ukamwita, akaitika tena kutoka jikoni, "Nani huyo?", nakuomba sana, vyeo vyote viwili viache huko huko migombani. Jitokeze, utaje jina.